Mto Hauzaliwi Kileleni

Wapagazi wa njia ya Machame wanalijua vizuri bonde la Karanga. Kambi yake iko karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na kwenye korongo lililo jirani kinapita kijito ambacho ndicho mahali pa mwisho pa kuteka maji. Kutoka hapo kwenda juu, maji yote ya kupikia uji, chai na supu ya wageni hubebwa kwenye madumu. Kambi inayofuata inaitwa Barafu, na haina maji. Mtu amepanda siku kadhaa akiusogelea ule weupe anaoambiwa ndio unaolisha mito ya Kilimanjaro, na kadiri anavyousogelea ndivyo ardhi inavyozidi kuwa kavu.

Kijito hicho ndicho mwanzo wa Mto Karanga. Hushuka kwenye mawe na vichaka, hupenya msituni, hupita kati ya vihamba vya Kibosho, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, huukwepa mji wa Moshi kwa upande wa magharibi na kupita chini ya barabara kuu ya Arusha. Huko chini huungana na Weruweru. Maji ya Weruweru na ya Kikafu huishia Kikuletwa, mto ambao tayari umebeba vijito vya Mlima Meru, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Humo hukutana na Ruvu, inayotoka Ziwa Jipe kwa upande wa mashariki. Kinachotoka bwawani ndicho Mto Pangani, unaokwenda sambamba na Milima ya Upare na Usambara, ukapita Korogwe na Hale, mpaka Bahari ya Hindi. Safari nzima ni takriban kilomita 500, na bonde lote lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 43,000, sehemu yake ndogo ikiwa Kenya.

Swali ninalolichambua hapa ni moja: mto huu unatengenezwa na nini, na ni nani wanaouamua? Nauliza kwa sababu jibu tunalolisikia kila mahali, kuanzia darasani hadi kwenye hotuba za siku ya mazingira, ni kwamba theluji inayeyuka, na ikiisha mito itakauka. Jibu hilo linaelekeza macho yetu mahali pasipostahili. Macho yakiwa kileleni, hatuoni yanayotendeka msituni, kwenye mifereji na tambarare, ambako mto unajengwa na kubomolewa kila siku.

Barafu yenyewe inatoweka kweli, na hilo ni la kusikitisha. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji karibu na Ikweta, wasomi wa Ulaya walimbishia kwa miaka. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilipimwa ikawa na ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Mwaka 2002 watafiti walitabiri kwamba yote ingeweza kwisha kati ya 2015 na 2020. Haikuisha, ila inaendelea kupungua na hakuna dalili ya kurudi.

Lakini tupige hesabu. Ukanda wa msitu wa Kilimanjaro una ukubwa wa kama kilomita za mraba 1,000. Tuuhesabie mvua ya milimita 1,500 tu kwa mwaka, maana upande wa kaskazini ni mkavu kuliko wa kusini. Hiyo ni mita za ujazo bilioni 1.5. Sasa barafu: kilomita za mraba 2, na tuseme kila mwaka inapoteza unene wa mita nzima pande zote. Hapo unapata mita za ujazo zisizozidi milioni 2, na sehemu kubwa hupaa na kuwa mvuke kwenye jua na upepo mkavu wa kileleni bila hata kuwa maji. Hata tukikubali kwamba miti na jua hula nusu ya mvua ya msituni, mchango wa barafu haufikii senti moja katika shilingi. Vijito vichache vya juu kabisa vinaihitaji. Mto hauihitaji.

Mvua za mlima huu zinaeleza mengi. Kileleni hunyesha chini ya milimita 200 kwa mwaka, jangwa kabisa. Ukishuka mpaka kama mita 2,200 upande wa kusini, juu ya Kibosho na Machame, unaingia katika mvua inayozidi milimita 2,000. Moshi mjini hupata karibu 900, na kwenye mashamba ya miwa ya Arusha Chini, mwendo mfupi tu wa gari kutoka mjini, ni kama 500. Mlima unazuia hewa yenye unyevu inayotoka baharini, unaipandisha, inapoa, inanyesha. Na pale juu ya msitu ambapo ukungu hutanda karibu kila mchana, miti na mindevu ya kuvumwani inayoning'inia matawini hukamata matone ya ukungu na kuyadondosha chini. Maji hayo hayaingii kwenye kipimo cha kawaida cha mvua, lakini yanaingia mtoni.

Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyeutafiti mlima huu kwa miongo mingi, ameonyesha kwamba karibu maji yote yanayotoka Kilimanjaro huanzia ukanda wa msitu. Ni yeye pia aliyepima, katika bonde la Mrusungu, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika: mita 81.5, taarifa iliyotolewa 2016. Mti wa namna hiyo hauoti penye uhaba wa maji. Umesimama katika korongo lenye udongo mzito wa volkano na unyevu wa mwaka mzima, na kusimama kwake kunatuambia jinsi makorongo yale yalivyokuwa salama kwa karne nyingi.

Mvua ya msituni haiteremki yote juu ya ardhi. Mwamba wa volkano una nyufa na matundu, na maji mengi huzama, yakatembea chini kwa chini, yakaibuka mguuni mwa mlima kama chemchemi. Moshi mjini inaishi kwa hizo. Mamlaka ya maji ya mji inategemea chemchemi za Nsere na Shiri, na wakazi wa upande wa kusini wanaijua Njoro, ambako maji hutoka ardhini yakiwa maangavu na kuingia katika msitu wa Rau. Msitu huo mdogo, hauzidi hekta 600, uko pembeni kabisa mwa mji na unaishi kwa maji ya chini ya ardhi. Humo bado kuna mivule mikubwa na mti wa msoo, usiopatikana ila sehemu chache sana duniani. Kahe kuna Miwaleni, na upande wa Boma Ng'ombe kuna Chemka, ambako vijana na watalii huenda kuogelea chini ya mikuyu. Ng'ambo ya mpaka, mabwawa ya Amboseli ambako tembo hunywa na bomba la Nolturesh linalopeleka maji mpaka kwenye miji ya Kajiado yanategemea mlima huohuo. Wakati wa kiangazi, Septemba na Oktoba, maji mengi ya Kikuletwa ni ya chemchemi. Kwa maneno mengine, mto wa kiangazi ni mvua ya msituni ya zamani, iliyohifadhiwa ardhini.

Ndiyo maana moto wa msituni unanitia hofu kuliko habari yoyote ya barafu. Hali ya hewa ya mlimani imekuwa kavu zaidi kuliko ilivyokuwa mwishoni mwa karne ya 19, na moto unaoanzia kwa mlina asali, kwa mpishi wa kambini au kwa mtu anayesafisha malisho hupanda haraka kwenye vichaka vikavu vya juu na kuurudisha mpaka wa msitu chini. Hemp alikadiria kwamba tangu 1976 moto uliteketeza karibu kilomita za mraba 150 za msitu wa juu, na kwamba maji ya ukungu yaliyopotea kwa sababu hiyo yangetosha kunywesha watu milioni moja kwa mwaka. Oktoba 2020 zikaungua zaidi ya kilomita za mraba 90, nyingi zikiwa za vichaka. Oktoba 2022 moto ukawaka karibu na kambi ya Karanga yenyewe, jirani na kijito kile cha wapagazi. Habari za dunia ziliwazungumzia watalii. Watu wa Kibosho walikuwa na sababu ya kuuliza habari za maji.

Shoka nalo limefanya yake. Mkulo, ule mti wa mbao yenye harufu ya kafuri, ulivunwa mno tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1984 serikali ilipiga marufuku ukataji katika msitu wa asili, lakini uchunguzi wa angani wa 2001 ulikuta mikulo ikiendelea kukatwa kwa wizi pande nyingi. Mwaka 2005 msitu wote wa hifadhi ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo tangu 1973 ilikuwa imeishia juu ya mstari wa miti. Ulinzi uliongezeka, na ukataji ukapungua. Hilo lilikuwa jambo jema.

Pamoja na wema huo kuna jambo lililoachwa bila kumalizwa. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda mwembamba wa msitu, upana wake nusu maili, kati ya makazi na hifadhi, ili Wachaga wapate kuni, majani ya ng'ombe na miti ya kujengea bila kuingia ndani zaidi. Kwa miaka mingi ukanda wa nusu maili ulisimamiwa na wenyeji na halmashauri, vizuri wakati fulani na vibaya wakati mwingine. Ulipowekwa ndani ya mipaka ya hifadhi, mama anayekata majani ya ng'ombe wa ndani akawa mhalifu mahali ambapo mama mkwe wake alikuwa na haki. Mgogoro huo umefika bungeni zaidi ya mara moja. Ni mgogoro wa maji kama ulivyo wa kuni, kwa sababu mabanio ya mifongo mingi, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, yako humohumo msituni. Asiyeruhusiwa kuingia hawezi kuzibua.

Hapa tumefika kwenye mfongo, na naomba msomaji avumilie, kwa maana huu ndio moyo wa jambo lenyewe.

Wageni wa kwanza kuandika juu ya Uchaga katika karne ya 19 walistaajabia kitu kimoja mbali na theluji: mifereji. Maji yalikuwa yametolewa korongoni, mbali juu, yakapitishwa ubavuni mwa kilima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba jicho linaona kama yanapanda. Palipokuwa na genge, gogo lililochimbwa katikati liliwekwa kama daraja la maji. Hakukuwa na kipimo zaidi ya maji yenyewe: fundi alichimba hatua chache, akayaachia, akatazama yanaelekea wapi. Kulikuwa na mamia ya mifongo, na mto kama Karanga au Weruweru ulitobolewa mara nyingi kuanzia msituni hadi chini ya vihamba.

Banio la kienyeji ni la kuangalia kwa makini. Mawe hupangwa mtoni kwa mshazari, yakazibwa kwa magogo ya migomba, majani na udongo. Halizuii mto wote. Mafuriko yakija hulibeba lote, na baada ya mvua watu hukutana kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kulijenga tena. Nilipata kusikia wahandisi wakilibeza kwa udhaifu huo. Mimi naliona kinyume. Banio linalovuja humwachia jirani wa chini sehemu ya maji hata kama hujamkumbuka, na banio linalobomoka kila masika huwalazimisha watumiaji kukutana kila mwaka. La zege halina ulazima huo.

Kila mfongo ulikuwa na ukoo uliouanzisha na mzee aliyepanga zamu. Mwenye kihamba alijua siku yake na saa yake, asubuhi mpaka jua la utosi au mchana mpaka jioni, na aliyeiba zamu ya mwenzake au kukosa msaragambo alitozwa faini, mara nyingi pombe. Ulezi wa kutengenezea mbege, pombe ya ndizi, ulilimwa mashamba ya chini wakati wa kiangazi kwa maji ya mifongo, kwa hiyo bila mfongo hapakuwa na mbege, na bila mbege hapakuwa na harusi, tambiko wala suluhu. Mangi, mtawala wa Kichaga, aliyetaka kupanua himaya alilazimika kufikiria mifongo kama alivyofikiria mikuki. Utaratibu huo ulikuwa na upungufu wake mkubwa: wanawake, ambao ndio waliochota maji kila siku ya Mungu, hawakuwa na kauli kwenye vikao vya mfongo. Anayetaka kuurudisha mfongo kama ulivyokuwa asisahau hilo.

Maofisa wa Kiingereza waliitazama mifongo kwa mashaka. Waliandika kwamba inapoteza maji na kumomonyoa udongo, wakataka mipya izuiwe, hasa mashamba makubwa ya tambarare yalipoanza kuhitaji maji. Baada ya uhuru lugha ikabadilika kidogo, lakini shutuma zikabaki zilezile: mfereji wa udongo unapoteza sehemu kubwa ya maji yake, basi wakulima wa juu ndio wanaokausha mto.

Shutuma hiyo inachanganya mambo mawili. Kuna maji yanayopaa hewani, na kuna maji yanayozama. Yanayopaa yamepotea kwa bonde. Yanayozama kwenye udongo wa kihamba hunywesha migomba, kahawa na magimbi, na yanayobaki huendelea chini kwa chini kuelekea zilezile chemchemi zinazolisha mto wa kiangazi. Ukisakafia mfongo kwa saruji, mwenye mfongo anapata maji zaidi mwishoni mwa mfereji wake, na pengine mwenye chemchemi huko chini anapata machache. Sisemi saruji ni mbaya. Mahali penye genge au udongo unaobomoka, ni lazima. Nasema tu kwamba anayehesabu maji "yaliyookolewa" kwa kusakafia mfereji anapaswa kutuonyesha kwamba hayakuwa yakitumika mahali pengine.

Isitoshe, mifongo mingi imekufa bila kuuawa na serikali. Bei ya kahawa iliporomoka, vijana wakaenda Arusha na Dar es Salaam, maji ya bomba ya mserereko yakafika vijijini, na kihamba kilichogawanywa kwa wana wa vizazi vitatu kikabaki uwanja wa nyumba na migomba michache. Nani atatoka kwenye msaragambo kwa ajili ya zamu ya saa mbili? Mfongo usiposafishwa misimu miwili mizizi hulifunga banio, na wa tatu watu hujenga choo juu yake. Kama ingekuwa kweli kwamba mifongo ndiyo iliyokuwa ikikausha mto, basi mto ungekuwa umejaa sasa. Haukujaa. Ni dalili kwamba matumizi makubwa yamehamia kwingine.

Yamehamia tambarare. Arusha Chini kuna TPC, kampuni ya sukari iliyoanzishwa na Wadenmark mnamo 1930, yenye miwa kama hekta 8,000 katika eneo ambalo bila umwagiliaji lingeota michongoma. Jirani yake, Mabogini na Chekereni, kuna Lower Moshi, na hadithi ya mradi huo inafundisha kuliko ripoti nyingi.

Mradi ulikamilika 1987 kwa mkopo na utaalamu wa Japani. Ulichukua maji ya Rau na Njoro, ukayapitisha kwenye mifereji iliyosakafiwa, ukapima majaruba kwa mistari iliyonyooka, ukaleta mbegu fupi ya mpunga ya IR54, matrekta na mafunzo. Mpango ulikuwa hekta 2,300, kati yake 1,100 za mpunga. Mavuno yalifika tani 6 kwa hekta, jambo ambalo mkulima wa mpunga Tanzania hakuwahi kuliota. Na ndipo matatizo yakaanza. Wakulima wa juu ya mabanio ya mradi, waliokuwa wakilima mahindi na maharage, walitazama jirani yao akivuna magunia na kuuza kwa pesa taslimu. Wakachukua mbegu ileile, wakachimba majaruba yao wenyewe, wakafungua maji kwenye mto uleule, juu ya banio. Miaka michache tu baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, maji yalikuwa hayatoshi mradi, na eneo la mpunga ndani yake likapungua huku nje yake likiongezeka.

Wapo waliowaita wakulima wa juu wezi wa maji. Mimi naona walifanya kile ambacho mradi wenyewe ulihubiri: walijifunza kilimo bora. Kosa lilikuwa kuchora mstari kuzunguka hekta fulani na kudhani kwamba maarifa yatabaki ndani ya mstari huo. Leo maji ya Lower Moshi hugawanywa kwa zamu za vitalu, na karibu nayo mpunga hunyweshwa pia na maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka ya mji. Maji ya choo cha Moshi yakisafishwa vizuri ni rasilimali. Yasiposafishwa ni ugonjwa kwa yule anayepandikiza akiwa amezama mpaka magotini, na wengi wao ni wanawake.

Kusini zaidi, Kikuletwa na Ruvu huingia Nyumba ya Mungu. Bwawa hili lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 ili kuhifadhi maji ya kuzungusha mitambo ya umeme, na likijaa linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni moja. Uvuvi wa perege ulishamiri miaka ya mwanzo, watu wakamiminika kutoka mbali, kisha samaki wakapungua. Lakini angalia uso wa bwawa: kama kilomita za mraba 140 za maji yaliyotandazwa katika nyika yenye joto na upepo. Jua la huko linaweza kuchukua kina cha mita moja na nusu mpaka mbili kwa mwaka. Zidisha, utapata zaidi ya mita za ujazo milioni 200 zinazopaa kila mwaka bila kumwagilia hata shina moja la mgomba. Hizo ni mara mia ya ile barafu tuliyoikadiria kwa ukarimu. Katika mabishano yote kuhusu nani anapoteza maji ya Kilimanjaro, sijasikia mtu akilitoza bwawa faini.

Chini ya bwawa, kinamasi cha Kirua kilichokuwa kikijaa kila masika kilipungua baada ya mafuriko kudhibitiwa, na pamoja nacho malisho ya kiangazi na samaki wa watu wa Simanjiro, Mwanga na Same. Faida ilikwenda kwingine: megawati 8 pale Nyumba ya Mungu, 21 Hale, na 68 katika kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani kilichofunguliwa 1995 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Ni megawati 97 kwa jumla. Katika miaka ya 1990, taifa likikaa gizani kwa mgao wa umeme, kila megawati ilikuwa hoja nzito, na hoja hiyo ilitumika kupanda juu ya mlima: ofisi ya bonde la Pangani iliyoanzishwa 1991 ilianza kusajili matumizi ya maji na kutoza ada, na wanakijiji waliokuwa na mfongo tangu kabla ya Wajerumani wakaambiwa hawana haki ya maji mpaka walipie karatasi.

Hali imegeuka. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Mitambo ya Pangani bado ina umuhimu kwa gridi ya kaskazini, lakini si uhai wa taifa tena. Kwa hiyo mpangilio wa nani atangulie katika bonde hili ufunguliwe upya, hadharani. Kama tunahitaji megawati chache kutoka Pangani, tusiseme tena kwamba kiwanda kitazimika kwa sababu ya migomba ya Kibosho.

Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inatoa nafasi ya kufanya hivyo. Inatambua haki za kimila na kuunda jumuiya za watumia maji. Tatizo ni kipimo chake. Kibali huandikwa kwa lita kwa sekunde, mwaka mzima, kwa jina la mwombaji. Mfongo hupimwa kwa zamu: leo wangu, kesho wako, kiangazi kikiwa kikali zamu zinafupishwa kwa wote. Kampuni yenye mhandisi na mwanasheria hupata kibali chake kwa urahisi. Mfongo wenye kaya mia mbili na mzee asiyejua lita kwa sekunde ni kitu gani hubaki nje ya daftari, na siku ya ukame daftari ndilo linalosomwa. Kibali kinachotoa sehemu ya mto badala ya kiasi kisichobadilika kingefanana zaidi na mto wenyewe, na kingegawa ukame kwa haki. Wapare, pamoja na ndiva zao za kuhifadhi maji ya usiku, wamegawana hivyo kwa vizazi vingi. Teknolojia ya kupima sehemu ya mto si ngumu: ukuta wenye matundu yaliyo sawa, ambao mtoto wa darasa la nne anaweza kuukagua.

Na yupo wa mwisho kabisa. Pangani mjini, mto unapoingia baharini, maji yanapopungua wakati wa kiangazi bahari hupanda mtoni kilomita kadhaa, na chumvi huingia kwenye mashamba ya minazi na visima vya wakulima wa kando. Misafara ya karne ya 19 ilianzia hapo kuufuata mto kuelekea Uchaga, kwa sababu mto ulikuwa ndio uhakika wao wa maji. Mkulima wa minazi wa Pangani hajui ni jaruba lipi la Mabogini lililochukua maji yake, wala ni moto upi juu ya Karanga uliopunguza ukungu. Anajua kisima chake kimekuwa cha chumvi. Katika vikao vya bonde, vinapofanyika Moshi, nafasi yake ni ndogo na nauli yake ni kubwa. Kikao cha kufungua upya mpangilio wa maji kinaweza kufanyika Pangani, wazee wa mifongo wa Kibosho na Machame wakilipiwa nauli ya kushuka huko, pamoja na wanawake wanaopandikiza mpunga Chekereni, na watu wa hifadhi wakiwa na ramani ya nusu maili mkononi.